Kinachonukia kwako, kinanuka kwangu

Kiswahili kina vitenzi viwili vya harufu, kunukia na kunuka, na ukitamka kimojawapo umeshahukumu. Ndiyo maana mabishano hayakwishi nyumbani kwetu. Shangazi akikatia dania mbichi juu ya kachumbari, kwake jiko zima linanukia. Dada yangu anakimbilia uani, anasema kachumbari imetiwa sabuni. Miaka mingi tulimwambia anadeka. Tulimkosea.

"Asiyeweza dania anadeka tu."

Majani ya dania yana kemikali ziitwazo aldehidi. Za jamii hiyohiyo zimo kwenye sabuni na hata kwenye harufu ya kunguni. Mwaka 2012 watafiti walilinganisha vinasaba vya maelfu ya watu, wakakuta wale wanaosikia sabuni wana tofauti ndogo karibu na jeni (kinasaba) ya OR6A2, inayotengeneza kipokezi, yaani kinasio cha harufu puani. Jeni hiyo peke yake haielezi yote, maana mazoea ya chakula nayo yana nguvu. Lakini alichokisikia dada yangu kilikuwamo kweli kwenye sahani, ila pua zetu hazikukishughulikia. Siku hizi shangazi huiweka dania kwenye kibakuli pembeni, anayetaka anajinyunyizia.

"Pua ni pua, sote tunasikia kitu kimoja."

Wanasayansi Linda Buck na Richard Axel walitangaza mwaka 1991 kwamba wamezipata jeni za vipokezi vya harufu, na mwaka 2004 wakatunukiwa Tuzo ya Nobel. Binadamu ana aina zipatazo 400 za vipokezi hivyo vinavyofanya kazi. Harufu moja huamsha kadhaa kwa pamoja, na ubongo husoma ule mchanganyiko. Sasa chukua watu wawili wowote: kwa wastani karibu asilimia 30 ya vipokezi vyao hufanya kazi tofauti. Androstenoni, kemikali iliyomo kwenye jasho, ni mfano ninaoupenda. Kuna anayesikia mkojo, kuna anayesikia utamu kama wa vanila, na kuna asiyesikia lolote. Mwaka 2007 tofauti hiyo ilihusishwa na jeni ya OR7D4.

Baadhi ya miski za viwandani ni hivyohivyo, wapo wasiozisikia kabisa. Kwa hiyo muuza marashi akikupaka tone mkononi ukamwambia husikii kitu, asidhani unatafuta kupunguziwa bei.

"Harufu nzuri ni nzuri kwa kila mtu."

Karafuu inatosha kulijibu hili. Kwa aliyekulia Pemba, ni harufu ya msimu, ya majamvi yaliyoanikwa hadi barabarani, ya pilau. Harufu hiyo inatokana hasa na kemikali iitwayo yujenoli, na yujenoli hiyohiyo madaktari wa meno wameitumia kwa miaka mingi kwenye dawa ya kuzibia meno. Yupo anayenusa karafuu akahisi yuko kwenye kiti cha daktari, mdomo wazi. Hata asumini ya kwenye kikuba ina kemikali ya indoli, ambayo imo pia kwenye kinyesi. Ikiwa kidogo, ua linakolea. Ikizidi, mtu anageuza uso.

"Marashi yangu siyasikii tena, basi yamekwisha."

Hayajaisha, pua imeyazoea. Ubongo hupunguza uzito wa harufu isiyobadilika ili upate nafasi ya kunasa mpya, kama moshi au gesi. Anayejipulizia tena na tena kwa sababu hayasikii ndiye anayewaumiza vichwa abiria wenzake. Muulize aliyeingia sasa hivi kutoka nje, yeye atayasikia.

Ila ukipoteza uwezo wa kusikia harufu ghafla, au kahawa uliyoizoea ikaanza kunuka kama kitu kilichooza, hayo si mazoea. Korona iliwaachia wengi hali hiyo. Nenda kamwone daktari wa masikio, pua na koo, na mtu asikwambie unajifanya.