Majenerali wa Falme Tatu: goli kafunga huyu, anashangiliwa yule

Sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza tunajua sheria moja tu, steringi hafi, na akifa basi lazima afe kwa usaliti tena dakika za mwisho kabisa. Ukishazoea hivo ukakutana na majenerali wa China ya kale kwenye muvi au gemu unawapanga fasta: Guan Yu yule mwenye ndevu ndefu na uso mwekundu ni steringi, Zhuge Liang na kipepeo chake cha manyoya ni yule mzee mwenye akili ya kupitiliza, Cao Cao adui, Zhou Yu mwenye wivu, basi umemaliza. Shida ni kwamba watu wengi wanaamini hiyo ndo historia yenyewe.

Ngoja tuelewane kwanza hapa maana bila hivi tutabishana mpaka asubuhi. China ya karne ya tatu ilipasuka falme tatu: Wei ya Cao Cao, Shu ya Liu Bei (bosi wa Guan Yu, Zhang Fei na Zhuge Liang) na Wu ya Sun Quan (bosi wa Zhou Yu). Kuna vitabu viwili. Cha kwanza ni cha historia, kaandika Chen Shou, mtu aliyezaliwa 233 akafa 297, yaani aliishi ndani ya vurugu zenyewe, alikuwa raia wa Shu na Shu ilipoanguka akaja kuwa mtumishi wa serikali ya Jin iliyounganisha nchi mwaka 280. Baadaye mwaka 429 akaja mwanazuoni anaitwa Pei Songzhi akajazia maelezo marefu kutoka vitabu vingine, hata vile alivyovitilia shaka kaviweka alafu anakwambia hapohapo kwa nini haviamini (huyu mzee mi nampenda sana). Cha pili ni riwaya ya Luo Guanzhong, karne ya 14. Hesabu mwenyewe, zaidi ya miaka elfu moja imepita! Na toleo la zamani kabisa lililochapishwa tunalolijua ni la 1522.

Katikati hapo kulikuwa na watambaji wa hadithi. Su Shi, mshairi wa karne ya 11, aliandika kwamba watoto watundu mtaani walikuwa wanapewa hela wakakae kumsikiliza mtambaji, wakisikia Liu Bei kapigwa wanakunja uso wengine wanalia kabisa, wakisikia Cao Cao kapigwa wanashangilia. Kibanda umiza kitupu, miaka mia kadhaa kabla riwaya haijaandikwa.

Sasa dhana potofu ya kwanza, na hii ni ya wale wanaojiona wajanja: "riwaya ile ni uongo mtupu." Hapana. Msomi mmoja wa enzi ya Qing, Zhang Xuecheng, alisema ni sehemu saba kweli na tatu za kubuni. Mi ninachoona ni kwamba hata hizo tatu nyingi hazikutungwa kutoka hewani, tukio lilikuwepo kweli ila lilinyang'anywa mwenyewe akapewa mtu mwingine. Goli kafunga huyu, jezi anavua yule.

Tuanze na Guan Yu maana ndo mkubwa wao. Watu wanasema alimuua jenerali wa adui anaitwa Hua Xiong alafu akarudi akakuta mvinyo wake bado wa moto kwenye kikombe. Stori tamu sana hiyo, nakiri. Ila kwenye kitabu cha historia Hua Xiong aliuawa na jeshi la Sun Jian, baba yake Sun Quan, Guan Yu hata hatajwi pale. Wen Chou, jenerali mwingine wanayempa yeye, aliuawa kwenye vita na jeshi la Cao Cao na kitabu hakisemi kwa mkono wa nani. Lakini Yan Liang, jenerali mwenzake Wen Chou? Huyo ni wake kweli, mwaka 200 pale Baima, Guan Yu aliona mwavuli wa gari la adui akachapa farasi akamchoma katikati ya maelfu ya watu, akamkata kichwa akarudi nacho, hakuna aliyeweza kumzuia. Yaani jamaa alikuwa na goli lake halali kabisa la kideoni, hakuhitaji kuongezewa mawili ya watu.

Na ona hilo neno, akamchoma. Lile panga refu la mwezi mchanga unaloliona kwenye kila sanamu yake, silaha ya namna ile inaonekana China karne nyingi baada ya yeye kufa. Farasi mwekundu, Sungura Mwekundu, alikuwepo kweli lakini alikuwa wa Lü Bu, jenerali mwingine wa wakati huo, na historia haisemi popote kwamba Guan Yu alirithishwa.

Lile tukio la kukwanguliwa mfupa wenye sumu ya mshale huku anakula na kunywa na wenzake, watu wakilisikia wanacheka wanasema hizi sasa chai. Kumbe hilo lipo kwenye historia! Damu inajaa bakuli na yeye anakata nyama anapiga stori. Kilichoongezwa ni daktari tu. Riwaya inasema ni Hua Tuo, tabibu maarufu kuliko wote, wakati Hua Tuo alishauawa na Cao Cao miaka mingi nyuma.

Ila pale watu wanapokosea zaidi ni kwenye kifo chake. Wanadhani alishindwa kwa sababu ya usaliti tu. Usaliti ulikuwepo sawa, Lü Meng wa Wu alijifanya mgonjwa, alafu akaficha askari kwenye boti na wapiga makasia wakavaa kama wafanyabiashara. Lakini kabla ya hapo Sun Quan alituma mjumbe kumposea mwanawe binti ya Guan Yu, na Guan Yu akamtukana mjumbe na posa akaikataa. Huyo ni mshirika wa bosi wako bana! Alafu maofisa wake wawili waliobaki kulinda miji nyuma aliwatishia kwamba akirudi atawashughulikia kwa kuchelewesha mahitaji ya jeshi, sasa Wu walipobisha hodi unategemea nini, wakafungua mlango. Chen Shou kamaliza kwa maneno machache tu, kwamba alikuwa mgumu na mwenye kujiona. Hata ule ushindi wake mkubwa wa 219, majeshi saba ya Yu Jin, jenerali wa Cao Cao, yaliyozama, ilikuwa mvua kubwa mto Han ukafurika, siyo kwamba yeye alizuia maji akayafungulia kama riwaya inavosema. Akakamatwa akauawa muda mfupi baadaye.

Na mtu huyohuyo mwaka 1614 mfalme wa China wa ukoo wa Ming akampa cheo cha mungu mkuu. Leo Hong Kong utamkuta kwenye altari za vituo vya polisi, na magenge ya wahalifu nao wanamwabudu huyohuyo. Sijui akiombwa na pande zote siku moja anafanyaje.

Zhang Fei je? "Mlevi mkali asiye na akili, yule aliyemfunga mkaguzi wa serikali akamchapa viboko." Aliyechapa viboko alikuwa Liu Bei! Ndiyo, Liu Bei yule mpole mwenye machozi karibu. Mkaguzi alikataa kuonana naye, Liu Bei akaingia akamfunga, akamchapa viboko mia mbili, akaacha kazi akatoroka. Riwaya isingeweza kumwacha steringi na doa hilo kwa hiyo likahamishiwa kwa mdogo wake wa hiari (na kile kiapo cha undugu cha bustani ya mipichi nacho hakipo kwenye historia, kilichopo ni kwamba watatu hao, Liu Bei, Guan Yu na Zhang Fei, walikuwa wanalala kitanda kimoja na kupendana kama ndugu). Zhang Fei wa kweli aliheshimu sana wasomi ila askari wa chini aliwatesa, na Liu Bei alimwonya kabisa kwamba unawapiga watu kila siku alafu unawaweka karibu yako, utajimaliza. Mwaka 221 wakamuua walewale. Ila kusimama darajani Changban mwaka 208 na wapanda farasi 20 tu akiwatisha watu wa Cao Cao wasivuke, hiyo ni yake.

Sasa tufike kwa yule ninayemwonea huruma kuliko wote, Zhou Yu. Muulize mtu yeyote vita ya Chibi ya mwaka 208, Wu na Liu Bei dhidi ya meli za Cao Cao, nani alishinda atakwambia Zhuge Liang, aliomba upepo, aliazima mishale kwa boti za nyasi, na Zhou Yu alikuwa pembeni anatapika damu kwa wivu. Jamani. Zhou Yu ndo alikuwa kamanda, yeye na mzee Cheng Pu, na wanajeshi wa Wu kama 30,000 hivi. Wazo la kuchoma meli lilitoka kwa Huang Gai, ofisa wa Wu, ambaye ndiye pia alijifanya anajisalimisha. Upepo wa kusini mashariki ulivuma wenyewe, hakuna aliyeuomba. Zhuge Liang alikuwa kijana wa miaka 27 hivi, kazi yake ilikuwa ya ubalozi, kwenda kumshawishi Sun Quan wapigane pamoja, na aliifanya vizuri, basi.

Na ile mishale? Kuna simulizi kwamba mwaka 213 Sun Quan mwenyewe alitoka na meli kubwa kuchungulia kambi ya Cao Cao, ikapigwa mishale upande mmoja mpaka ikaanza kuinama, akaamuru igeuzwe ipigwe na upande wa pili ikae sawa. Umeona mchezo ulivochezwa? Tukio la Sun Quan, miaka mitano baadaye, limerudishwa nyuma likavalishwa jezi ya Zhuge Liang.

Kuhusu wivu ndo kinyume kabisa. Historia inamsifu Zhou Yu kwa roho kubwa. Cheng Pu alimzidi umri na alimdharau mara kadhaa, yeye akanyamaza tu hakulipiza, mpaka mzee akaja kusema kukaa na Zhou Yu ni kama kunywa mvinyo mzuri, unalewa bila kujua. Alikuwa na sikio la muziki kiasi kwamba hata akiwa ameshakunywa, mpigaji akikosea noti anageuka kumwangalia. Akafa 210 kwa ugonjwa akiwa njiani, miaka 36 kwa hesabu yao ya kale. Hakuna cha kulalamikia mbingu eti kwa nini zimemzaa yeye na Zhuge Liang pamoja, hiyo ni riwaya.

Ukisema hivi mashabiki wa Zhuge Liang wanakasirika sana. Basi niwaharibie na ile ya mji mtupu, anakaa juu ya ukuta anapiga kinanda milango wazi, Sima Yi jenerali wa Wei anaogopa mtego anakimbia. Pei Songzhi aliikataa hii zamani zileee. Kwanza Sima Yi wakati huo alikuwa mbali, mji wa Wan. Pili, anasema, una jeshi kubwa hivo na unahisi kuna mtego, si unazingira tu unasubiri, unakimbia nini? Na utamu wa ishu ni kwamba kuna simulizi kwamba Zhao Yun, jenerali wa Liu Bei, alifanya kitu kama hicho kule Hanzhong mwaka 219, akafungua geti la kambi, bendera chini, ngoma kimya, watu wa Cao Cao wakahofia mtego wakarudi nyuma. Zhao Yun! Ambaye kwenye muvi anaonekana anachoma tu watu na mkuki.

Zhuge Liang wa kweli alikuwa mtawala wa hali ya juu, mtu wa sheria, mahesabu, chakula cha jeshi. Chen Shou anasema wazi kubadilika haraka vitani haikuwa fani yake. Ila na wewe soma ukiwa macho, Chen Shou aliandika chini ya Jin na mfalme wake alikuwa mjukuu wa Sima Yi, hasimu wa Zhuge Liang.

Wei Yan, jenerali wa Shu, nitampitia haraka. Riwaya inasema alizaliwa na mfupa wa uasi nyuma ya kichwa. Mfupa! Huyu ni mtu ambaye Liu Bei alimkabidhi Hanzhong yote mwaka 219 wakati kila mtu alijua atapewa Zhang Fei. 234 Zhuge Liang alipokufa, Wei Yan na Yang Yi, ofisa mwenzake wa Shu, wakagombana kila mmoja akimshtaki mwenzake uasi, Wei Yan akauawa, na Chen Shou anasema kabisa hakutaka kwenda upande wa Wei, alitaka kumwondoa Yang Yi tu.

Na Cao Cao? Hapa kuna makosa mawili yanayopishana. Wengine wanamwona shetani mweupe wa jukwaani (kwenye opera ya Beijing uso wake unapakwa nyeupe, rangi ya hila), wengine siku hizi wanamsafisha mpaka anang'aa. Alikuwa mshairi kweli, aliandika maelezo ya kitabu cha vita cha Sunzi, mwaka 196 alianzisha mashamba ya jeshi watu wakala, na hakuwahi kujitangaza mfalme mkuu, aliyefanya hivo ni mwanawe Cao Pi mwaka 220 baada ya baba kufa. Lakini kule Xuzhou, 193, aliua raia mpaka inasemwa mto uliziba kwa maiti. Hiyo siyo riwaya, usiifute.

Diaochan, yule mrembo aliyewagombanisha Lü Bu na bosi wake Dong Zhuo, mbabe aliyeshika serikali, hakuwepo. Kulikuwa na kijakazi mmoja asiye na jina ambaye Lü Bu alikuwa anaiba naye.

Nimalizie na Zhang Liao, jenerali wa Cao Cao, maana watu wa gemu wananiambiaga huyu kapewa nguvu za uongo. Hefei mwaka 215, Sun Quan kaja na watu ambao kitabu kinasema ni laki moja (toa mtakavyo hapo). Zhang Liao usiku akachagua watu 800, akachinja ng'ombe wakala, alfajiri akaingia nao anapiga kelele jina lake mpaka chini ya bendera ya Sun Quan mwenyewe, Sun Quan akakimbilia juu ya kilima kajikinga na mikuki mirefu, Zhang Liao yuko chini anamwita shuka tupigane, hashuki. Baadaye wakaona kumbe hawa ni wachache wakamzunguka, akachana njia akatoka na watu makumi, waliobaki ndani wakapiga kelele, jenerali unatuacha? Akageuza farasi akarudi ndani kuwachukua.