Je, wajua? Neno "apron" liliibwa N yake

Tamka haraka, bila kupumua katikati: "a napron". Sasa tamka: "an apron". Sikio halisikii tofauti yoyote, na kisa chote kimeanzia hapo.

Aproni, lile vazi la kufunga kiunoni ili nguo zisichafuke wakati wa kupika, zamani Waingereza waliliita "napron". Walilitoa kwa Wafaransa, waliosema "naperon", yaani kitambaa kidogo cha meza. N ilikuwa ya neno lenyewe. Ilitokaje?

Kiingereza hutanguliza "a" mbele ya jina linaloanza kwa sauti ya konsonanti, na "an" mbele ya linaloanza kwa irabu. Hapo kale ilikuwa "an" peke yake, ndugu wa "one", yaani moja. Baadaye N yake ikaanza kudondoka mbele ya konsonanti. Basi aliyesikia "anapron" ilibidi akisie mwenyewe neno linaanzia wapi. Watu wengi hawakujua kusoma, na hata walioandika hawakuwa na kamusi ya kuwaongoza. Wengine wakakata pasipo pake, watoto wakarithi mkato huo, nao ukawa ndio Kiingereza sahihi. Ushahidi ni "napkin", kitambaa cha kufutia mdomo: limetokana na shina lilelile la Kifaransa, na N yake ipo mpaka leo.

Nyoka aitwaye "adder" alipatwa na hayohayo. Katika Kiingereza cha kale alikuwa "nædre", na Wajerumani bado wanasema "Natter".

Ninalolipenda zaidi ni "umpire", mwamuzi wa kriketi au tenisi. Lilikuwa "noumpere", kutoka Kifaransa "nonper", maana yake asiye na wa kulingana naye. Wawili wakigombana huhitajika wa tatu, asiye jozi ya yeyote kati yao. Maana nzuri kiasi hicho imefichwa na herufi moja iliyopotea!

Pengine N ilihama kinyume. "Ekename" lilikuwa jina la nyongeza, kwa kuwa "eke" ni kuongeza. "An ekename" likageuka "a nekename", na leo ni "nickname", jina la utani. Hata "newt", yule mnyama mdogo wa majini anayefanana na mjusi, alikuwa "ewt".

Tusiwashangae Waingereza, maana sikio letu nalo limekata. Neno "kitabu" tumelipata kwa Waarabu, na kwao "kitab" ni neno zima: K yake ni ya mzizi, haibanduki. Vikiwa vingi wao husema "kutub". Sisi tulisikia ki- ileile ya kiti na kisu, tukasema vitabu.