"Hakuna ushahidi wa hatari" si sawa na "salama"

Anayepima maji, udongo au hewa kwa sampuli anaweza kukosea kwa njia mbili. Kosa la aina ya kwanza ni kupiga mbiu ya hatari isiyokuwapo. La aina ya pili ni kuipita hatari iliyopo na kusema mambo ni shwari. Idadi ya sampuli ikibaki ileile, ukilibana moja, jingine linafumuka.

Chukua kisima cha Arumeru, chini ya Mlima Meru nchini Tanzania, ambako floraidi ya asili hutia meno ya watoto madoa ya kahawia na, ikizidi sana, hupinda mifupa. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tuseme wastani wa kweli wa kisima hiki ni 1.8, na mchepuko wa vipimo, yaani jinsi vinavyotawanyika kuzunguka wastani, ni 0.6. Mpimaji anachota sampuli 4 na, kama alivyofundishwa chuoni, anajiruhusu asilimia 5 tu ya kosa la kwanza, yaani kupiga mbiu ya bure mara 5 tu kati ya 100. Basi hatatangaza hatari mpaka wastani wa sampuli zake ukaribie 2.0. Kisima hiki kibovu kitafaulu mara 74 kati ya 100! Ile asilimia 5 inamlinda mwenye kisima. Mtoto anayekunywa hakuna aliyemkumbuka.

Sampuli 25 zingeshusha kosa la pili hadi asilimia 20 hivi, ila kila chupa ina bei yake maabara. Akibaki na sampuli 4 na kulegeza kosa la kwanza hadi asilimia 20, kosa la pili bado ni asilimia 44.

Kuna njia ya tatu: kugeuza swali. Maji yahesabiwe mabaya hadi vipimo vioneshe vinginevyo. Hapo wastani wa sampuli 4 lazima ushuke hadi karibu 1.0, na kisima chetu cha 1.8 hakipiti hata mara 1 kati ya 100. Lakini kisima kizuri cha 1.2 nacho kitakataliwa mara 74 kati ya 100.

Kwa hiyo kabla ya kuchota chochote, ulizeni kosa lipi lina gharama zaidi hapo kijijini. Meno yakishaharibika hayarudi. Kisima kilichofungwa hufunguliwa, au maji yake yakachujwa kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, kama walivyofanya watafiti wa kituo cha Ngurdoto, hukohuko Arumeru. Ila kama kukifunga ni kuwarudisha watu kwenye bwawa wanalonywea mifugo, hesabu inaanza upya.