Kabla hujaandika makala mpya, fungua za zamani

Nikikabidhiwa tovuti ambayo wasomaji wake wanaotoka Google wamepungua, mwenye tovuti huwa anatarajia nimwandikie makala mpya ishirini. Mara nyingi mwezi wa kwanza simwandikii hata moja. Nafungua zile zilizopo, moja baada ya nyingine, kwa sababu wasomaji wamepotelea humo humo.

Makala iliyokaa mtandaoni miaka minne ina mtaji. Google imeshaitambua, tovuti nyingine zimeshaielekezea viungo, na takwimu zinaonyesha ni maswali gani yanayoifikisha mbele ya watu. Makala ya jana haina hata kimoja kati ya hivyo.

Kazi naianzia Search Console, chombo cha bure cha Google kinachotunza takwimu za utafutaji za miezi 16. Nalinganisha miezi mitatu iliyopita na miezi hiyohiyo ya mwaka jana. Ukilinganisha na miezi mitatu iliyotangulia, msimu utakudanganya: makala ya maandalizi ya mitihani hushuka kila mitihani inapoisha, wala haina ugonjwa wowote.

Kisha naangalia nafasi ya makala kwenye matokeo ya utafutaji kabla ya mibofyo, yaani mara ambazo watu wameibofya. Kama makala bado ni ya tatu kwenye matokeo lakini mibofyo imepungua, huenda kichwa chake hakivutii, au Google imeanza kutoa jibu lake juu kabisa na watu hawaoni haja ya kubofya. Hapo kuandika upya aya kumi ni kujichosha. Ila kama imeshuka kutoka nafasi ya tatu hadi ya kumi na moja, basi makala yenyewe imepitwa na wakati, na hiyo ndiyo ninayoichukua kwanza.

Nichukue makala yangu mwenyewe. Mwaka 2019 niliandika jinsi ya kuhifadhi picha za simu, nikaeleza kwamba Google Photos inazihifadhi bure bila kikomo ukikubali zipunguzwe ubora kidogo. Wakati ule ilikuwa kweli. Tarehe 1 Juni 2021 utaratibu huo ulikoma, na kwa simu nyingi kila picha mpya ikaanza kuhesabiwa ndani ya GB 15 za bure, zile zile zinazotumiwa pia na Gmail na Drive. Sikuwa nimebadilisha hata herufi moja, lakini makala ilikuwa inawapotosha watu.

Ningeweza kurekebisha sentensi ile moja nikaendelea na mengine. Bahati nzuri nilifungua kwanza orodha ya maneno ambayo watu waliyaandika hadi wakaiona. Zamani waliuliza jinsi ya kuhifadhi picha. Sasa walikuwa wanauliza hifadhi ikijaa wafanye nini, na kama wakifuta picha huku zitabaki kule. Swali lenyewe lilikuwa limehama! Nikafuta utangulizi wote wa aya tatu, nikaanza moja kwa moja na namna ya kujua kinachokula nafasi, kwa kuwa mara nyingi ni video ndefu na viambatisho vya barua pepe. Nikaweka picha mpya za skrini, maana menyu zilikuwa zimebadilika. Nikaongeza na onyo ambalo toleo la kwanza halikuwa nalo: picha iliyosawazishwa, yaani iliyopo kwenye simu na nakala yake Google Photos, ukiifuta ndani ya Google Photos, inafutika na kwenye simu. Hilo ndilo watu walilokuwa wanaliogopa, na mimi sikuwa nimelisema popote.

Anwani ya ukurasa sikuigusa. Ukiibadilisha bila kuweka elekezo la kudumu, lile la 301 linalompeleka anayefungua anwani ya zamani hadi kwenye mpya, viungo vyote ulivyopewa kwa miaka vinaishia kwenye ukurasa usiokuwepo. Ndiyo maana nawasihi watu wasiweke mwaka kwenye anwani: mwaka ukipita, watatamani kuibadilisha.

Kuhusu tarehe, sina huruma. Kubadilisha tarehe ya makala bila kubadilisha kilichomo ni kumdanganya msomaji, na mwongozo wa Google kwa wenye tovuti unautaja mchezo huo kama dalili mbaya. Badilisha tarehe pale tu ulipobadilisha kitu ambacho msomaji wa mwaka jana angekiona.

Ukikuta makala mbili zinajibu swali moja, ziunganishe. Chagua yenye viungo vingi, hamishia humo yaliyo mazuri kwenye ile nyingine, kisha ielekeze hiyo nyingine kwa 301.

Nikimaliza, naiomba Google ipitie ukurasa upya kupitia Search Console hiyohiyo, naandika kwenye daftari tarehe na nilichobadilisha, halafu naiacha makala ipumue wiki sita. Ile ya picha ilichukua wiki kadhaa kabla wasomaji hawajaanza kurudi. Ningekuwa naigusagusa kila baada ya siku mbili, nisingejua ni marekebisho yale ya kwanza yaliyowarudisha au ni miguso iliyofuata.