Utando wa molekuli moja: kutoka beseni la vyombo hadi kioo cha simu

Jaza bakuli maji, nyunyizia pilipili manga ya unga, kisha gusa katikati kwa ncha ya kidole chenye sabuni ya kuoshea vyombo. Unga utakimbilia ukingoni papo hapo. Sasa gusa tena maji yaleyale. Safari hii pilipili haitikisiki. Watoto hupiga makofi ile mara ya kwanza, ila kwangu mimi somo lipo katika mara ya pili: pilipili haina pa kwenda kwa kuwa uso wa maji umeshajaa.

Umejaa molekuli za sabuni. Kila molekuli ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyachukia, kwa hiyo huzamisha kichwa na kuinua mkia hewani. Zikishakuwa nyingi hubanana wima kama abiria waliosimama kwenye daladala ya jioni. Unene wa utando huo ni urefu wa molekuli moja tu. Kwa asidi ya steariki, ile ya mishumaa, ni kama nanomita 2.5. Unywele wa kichwani una nanomita elfu 80 hivi.

Benjamin Franklin alikaribia jambo hili bila kulijua. Alimwaga mafuta yasiyozidi kijiko cha chai kwenye bwawa la Clapham, London, viwimbi vikatulia kwenye eneo la karibu nusu ekari. Taarifa yake ilichapishwa mwaka 1774. Ukigawa mafuta ya kijiko kwa eneo hilo unapata zilezile nanomita 2 na ushee, ila yeye hakupiga hesabu hiyo. Aliyeleta vipimo vya kweli ni Agnes Pockels wa Braunschweig, Ujerumani, enzi ambazo wanawake hawakupokelewa chuo kikuu kule. Alifanya kazi jikoni kwao, kwa karai la bati na kipande cha bati cha kusukumia utando, na barua yake ikatoka kwenye jarida la Nature mwaka 1891.

Kuutoa utando majini na kuupaka kwenye kitu kigumu ni kazi iliyokamilishwa na Katharine Blodgett, akiwa maabara moja na Irving Langmuir huko Schenectady, Marekani. Unazamisha kioo taratibu kupita kwenye utando uliobanwa, unakiinua, unakizamisha tena, na kila mpito huacha tabaka moja. Mwaka 1938 Blodgett alionyesha kioo chenye tabaka 44 za aina hiyo. Unene wake ulikuwa kama robo ya urefu wa wimbi la mwanga, hivyo mwanga ulioakisiwa juu ya utando na ule ulioakisiwa chini yake ukafutana, na kioo kikawa karibu hakionekani. Kasoro ilikuwa moja: ukikifuta kwa kitambaa, utando nao unaondoka. Ndiyo maana lenzi za leo hupakwa madini ndani ya chombo kisicho na hewa.

Dawa ya udhaifu huo ni kuchagua kichwa kinachofunga ndoa na uso wenyewe. Molekuli zenye salfa kichwani hushika dhahabu. Zile za jamii ya silaini, zenye silikoni kichwani, hushika kioo. Hapo huhitaji kusukuma chochote. Unatumbukiza kipande chenye dhahabu ndani ya kileo chenye molekuli hizo na kukiacha usiku kucha: dakika za kwanza molekuli zinakaa ovyo, saa zinazofuata zinajipanga. Asubuhi, maji yaliyokuwa yakitandaa juu ya dhahabu safi yanasimama kama shanga. Adui mkubwa ni uchafu. Alama ya dole gumba ni nene kuliko utando wote, na wanafunzi huwa hawaamini mpaka kazi ya siku nzima iwaharibikie.

Simu ya kisasa ina ukoo huohuo wa molekuli juu ya kioo, zenye mikia ya florini kama ile ya vikaango visivyogandisha chakula. Ndiyo inayofanya kidole kiteleze na mafuta ya uso yafutike kirahisi. Florini hiyo haiozi upesi ikishaingia ardhini, nami ningefurahi kuona mbadala wake. Na ingawa imeshika kioo, msuguano wa kila siku huila. Safisha simu yako kwa kitambaa laini, kisha dondosha tone la maji pembeni na jingine pale kidole gumba kinapopita zaidi. La pembeni likisimama na la pili likitandaa, utando wa pale umeshalika.