Ndege Asiyeonekana Naye Ahesabiwe: Kulinganisha Msitu na Mashamba Usambara Mashariki

Saa kumi na mbili kasoro robo alfajiri, jua likiwa bado halijachomoza upande wa bahari, mimi na mwenzangu huwa tumekwisha kusimama kwenye kituo chetu cha kwanza ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, wilayani Muheza. Yeye hushika daftari na penseli, kwa kuwa wino hauvumilii umande wa huku. Mimi hushika darubini na kipima umbali cha leza. Tunanyamaza dakika mbili ili ndege walioshtushwa na nyayo zetu watulie, kisha kwa dakika 10 kamili tunaandika kila ndege tunayemwona au kumsikia, pamoja na umbali wake kutoka pale tuliposimama. Baada ya hapo tunakwenda kituo kinachofuata, mita 250 mbele, na kufanya vivyo hivyo mpaka saa nne asubuhi, wakati ambapo ndege wengi wamekwisha kupunguza kuimba.

Swali linalotupeleka huko linaonekana jepesi: je, ndege wako wengi zaidi msituni au mashambani? Milima ya Usambara Mashariki inafaa sana kwa swali hilo, kwa sababu msitu wake umekatwakatwa na mashamba ya chai, na pembezoni mwake wakulima wana iliki, karafuu, mdalasini, pilipili manga, migomba na mihogo, mara nyingi vyote katika shamba moja. Unaweza kutoka kwenye giza la msitu na kuingia kwenye jua kali la shamba kwa hatua kumi. Hata hivyo, miaka yote niliyofanya kazi hii nimeona kosa lilelile likirudiwa katika ripoti: mtu hujumlisha ndege aliowaandika kwenye vituo vya shambani, akajumlisha na wale wa vituo vya msituni, akaziweka jumla hizo mbili ubavu kwa ubavu na kutangaza kwamba mashambani kuna ndege wengi zaidi. Nami nililifanya kosa hilo katika ripoti yangu ya kwanza, na mpaka leo linaniuma, kwa sababu waliokuwa wakitaka kufyeka kipande cha msitu waliipokea kwa furaha.

Tatizo ni kwamba jumla hiyo haipimi ndege tu. Inapima pia uwezo wetu wa kuwaona na kuwasikia. Shore wa kawaida akitua juu ya kijiti katikati ya shamba la mihogo, hata mtoto atakuonyesha kwa kidole kutoka mita 80. Ndugu yake wa msituni, yule mdogo wa rangi ya kijani kibichi ambaye wanasayansi humwita Eurillas virens, huimba karibu mchana kutwa ndani ya kichaka, na unaweza kusimama chini yake nusu saa nzima bila kuona hata unyoya. Katika madaftari yangu ya msituni karibu kila mstari una herufi S, yaani "amesikika". Katika yale ya mashambani herufi hiyo ni chache. Kulinganisha madaftari hayo mawili moja kwa moja ni sawa na kuhesabu watu katika uwanja ulio wazi, kisha kuhesabu watu waliomo ndani ya nyumba kwa kusimama nje ya dirisha.

Ndiyo maana tunapima umbali, na hapa naomba msomaji avumilie hesabu kidogo, kwa kuwa ndiyo moyo wa kazi yenyewe. Chukua duara lenye nusu kipenyo cha mita 25 kuzunguka kituo, kisha chukua utepe unaolizunguka, kuanzia mita 25 hadi mita 50. Utepe huo wa nje una eneo mara tatu ya duara la ndani. Kwa hiyo, kama ndege wametawanyika sawasawa na sisi hatumkosi hata mmoja, utepe wa nje unapaswa kutupatia ndege mara tatu ya wale wa ndani. Tuseme sasa kwamba katika vituo vyote vya msituni tumemwandika shore mdogo mara 40 ndani ya duara la kwanza. Tungetarajia kumpata mara 120 katika utepe wa nje. Tukimpata mara 60 tu, basi karibu nusu ya waliokuwa pale wametupita bila sisi kujua. Tuseme tena kwamba shambani tumeandika kwera mara 40 ndani na mara 110 nje: hapo tuliowakosa ni wachache mno. Umbali wenyewe ndio unaotufundisha ni wangapi tuliowakosa, na programu ya kompyuta hufanya hesabu hii kwa makini zaidi, kwa kuchora mkunjo unaoonyesha jinsi uwezekano wa kumgundua ndege unavyopungua kadiri anavyokuwa mbali. Kutoka hapo tunapata idadi kwa hekta, na idadi hizo ndizo zinazoweza kulinganishwa kwa haki.

Njia hii ina masharti yake. Ndege aliye palepale kituoni asikoswe, umbali upimwe kwa uaminifu badala ya kukisiwa kwa mafungu ya kumi kumi, na ndege aandikwe mahali alipokuwa kabla hajatukimbia. Tena inahitaji data za kutosha: wataalamu wengi hushauri kila spishi iwe imeandikwa angalau mara 60 hadi 80, na kwa vituo vya duara ni bora zaidi ya hapo. Spishi nyingi ninazozijali hazifiki kiasi hicho hata baada ya misimu kadhaa.

Kwa wale wanaoishi karibu na ardhi msituni na kuimba kwa nadra, tunatumia nyavu nyembamba zinazotandazwa kati ya miti. Ndege akinaswa anapimwa, anavishwa pete ndogo ya alumini mguuni na kuachiwa. Mtafiti William Newmark alianza kazi ya namna hii katika vipande vya msitu wa Usambara Mashariki mwaka 1987, na ni kwa njia hiyo ilidhihirika kwamba ndege wa chini ya msitu ndio wanaotoweka katika vipande vidogo, hata pale ambapo mtu anayepita njiani anasikia kelele za ndege kote. Asubuhi moja nilishuhudia sababu mojawapo kwa macho yangu. Msafara wa siafu ulikuwa ukivuka bonde dogo, panzi na mende wakiruka mbele yake kuokoa maisha, na Chamaetylas fuelleborni, ndege wa kahawia mwenye kifua cheupe pe, alikuwa akitua kwenye mche uliokuwa kimo cha goti, akishuka, akidonoa, na kurudi palepale bila sauti yoyote. Ndege wa namna hiyo anahitaji eneo pana ili asikose siafu mahali fulani kila siku. Niliposimama kituoni saa moja kabla, mita 30 tu kutoka pale, daftari lilikuwa limeandika sifuri.

Hondohondo huleta taabu ya kinyume chake. Bycanistes brevis ni mkubwa, ana sauti kama ya mtu anayegombana, na mabawa yake huvuma kama mivukuto ya mhunzi hata kabla hujamwona juu ya miti. Kundi hilohilo linaweza kupita juu ya vituo vinne asubuhi moja likielekea kwenye mkuyu uliozaa. Kanuni yetu ni kwamba anayepita angani bila kutua huandikwa katika safu yake ya pekee, wala haingizwi katika hesabu ya idadi kwa hekta.

Upande wa mashambani kazi huanza ofisi ya kijiji, kisha kwa mwenye shamba. Mama mmoja mwenye shamba la iliki, baada ya kuitikia shikamoo yangu, alitutazama tulivyosimama kimya, kisha akaniuliza: "Mwanangu, unamhesabuje usiyemwona?" Nilimchorea yale maduara mawili kwa kijiti kwenye udongo, naye akaelewa upesi kuliko wanafunzi wengi niliowafundisha. Shamba lake lilikuwa na miti mikubwa ya asili iliyoachwa kwa ajili ya kivuli, na hapo tuliwakuta hondohondo wakila na shore wa msituni wakiimba. Kwenye chai tupu hatukuwapata. Tangu siku hiyo fomu yetu ina safu ya kuandika miti mikubwa iliyo ndani ya mita 50, kwa sababu neno "shamba" peke yake halimwelezi ndege chochote.

Hata idadi iliyosahihishwa vizuri haitoshi bila kuuliza ni ndege gani. Tetere, kwera, shomoro na dudumizi wanaojaa mashambani wanapatikana pia katika mikoa mingine mingi. Artisornis moreaui, ndege mdogo wa kijivu mwenye mdomo mrefu aliyepewa jina lake mwaka 1931 kwa heshima ya mtaalamu wa ndege Reginald Moreau, aliyefanya kazi Amani kuanzia 1928 hadi 1946, hapatikani kwingine Tanzania ila katika Milima ya Usambara. Yeye hupenda mizongomano ya mitambaazi penye uwazi na kingoni mwa msitu, kwa hiyo mtu anayeweka vituo vyake ndani kabisa tu atamkosa, na anayeviweka kandokando ya njia tu atadhani yuko kila mahali. Ndiyo sababu vituo vyetu hupangwa kwa gridi, yaani mistari ya miraba iliyo sawasawa, kwenye ramani kabla hatujafika, na pale kituo kinapoangukia ndipo tunaposimama, hata kama ni katikati ya upupu.

Msimu nao una nguvu yake. Kuanzia Oktoba mbayuwayu kutoka Ulaya hujaa juu ya chai, nao huongeza hesabu ya mashambani mpaka waondoke mnamo Aprili, kwa hiyo tunarudi kwenye kila kituo mara mbili kwa mwaka, wakiwapo na wasipokuwapo. Zaidi ya hayo, kwa kuwa saa ya kwanza baada ya mapambazuko ndiyo yenye nyimbo nyingi, hatuwezi kuupa msitu saa hiyo kila mara. Safari iliyopita tulianzia msituni. Safari hii tunaanzia kwenye iliki, na mama yule amekwisha kutuambia tusimwamshe mbwa.