Ni utando wa chakula, si mnyororo

Kila uvuvi endelevu unapotajwa, haikosi mtu atakayesema "mnyororo wa chakula wa baharini", na wote waliopo wataitikia. Juzi nimelisikia tena, safari hii kwa mtu aliyekuwa akitetea kuvua samaki wakubwa kwa wingi: eti hao wakipungua, wadogo watajaa. Hesabu hiyo inazaliwa na neno mnyororo lenyewe, ndiyo maana siwezi kulinyamazia.

Utando wa chakula ni jumla ya nani anamla nani mahali fulani. Mnyororo ni njia moja tu ndani ya utando huo, kwa mfano planktoni (viumbe vidogo sana vinavyoelea majini), dagaa, kibua, jodari. Basi.

Sasa tuliangalie neno. Utando unatokana na kutanda. Wingu hutanda, ukungu hutanda, buibui akitanda nyuzi zake pembeni mwa dari tunasema amefuma utando. Kitu kilichotanda hakina kichwa wala mkia, na ukigusa uzi mmoja, nyuzi za upande wa pili nazo hutikisika. Pete ya mnyororo hushikana na pete mbili tu, ya mbele yake na ya nyuma yake. Kwa hiyo ukishasema mnyororo, umeshadai kwamba kila samaki ana chakula kimoja na adui mmoja, hata kama hukukusudia. Wapo wanaopendelea kusema mtandao wa chakula, na sina ugomvi nao, kwa kuwa mzizi ni uleule. Mimi nabaki na utando kwa sababu ya yule buibui.

Hata Charles Elton, Mwingereza aliyelieneza wazo la mnyororo katika kitabu chake cha mwaka 1927, hakuishia hapo. Minyororo yote ya mahali pamoja ikichangamana, aliipa jina lingine, mzunguko wa chakula. Tena alitumia mchoro wa mtafiti wa bahari Alister Hardy wa mwaka 1924 kuhusu samaki aitwaye heringi katika Bahari ya Kaskazini. Katika mchoro huo heringi hana chakula kimoja. Akiwa mchanga anakula hiki, akikua anakula kile, na mishale imepishana kila upande.

Yote haya yanajulikana kwa kupasua matumbo. Samaki hupimwa urefu, tumbo likakatwa na kugandishwa au kutiwa dawa, kisha vilivyomo vikamwagwa kwenye sahani na kuchambuliwa kimoja kimoja chini ya hadubini. Mara nyingi ni uji wa kijivu tu. Vinavyodumu ni vigumu: mdomo wa ngisi, vipande vya uti wa mgongo, na vijiwe vya sikio la samaki aliyeliwa, ambavyo umbo lake hutambulisha aina na ukubwa wake hukadiria urefu wa mwenyewe. Konyeza, wale viumbe wa baharini wenye mwili laini, huyeyuka upesi, hivyo tumbo peke yake huwapunja. Ndiyo maana siku hizi hupimwa pia vinasaba vilivyobaki tumboni, na naitrojeni nzito katika nyama, ambayo huongezeka kila mlaji anapoliwa na mwingine.

Mwaka 1981 nchi zinazopakana na Bahari ya Kaskazini zilikusanya matumbo kwa maelfu, hata wataalamu wakauita mwaka wa tumbo, na kazi hiyo ikarudiwa mwaka 1991. Kabla ya hapo, vifo visivyotokana na nyavu vilikuwa vikikadiriwa kwa namba moja, samaki awe mchanga au mzee. Matumbo yalionyesha kuwa wachanga huliwa kwa kiasi kikubwa zaidi, na anayepanga kiwango cha kuvua bila kujua hilo anagawa samaki ambao wenzao wameshawala.

Mfano unaonisumbua zaidi ni wa Bahari ya Baltiki. Humo kuna kodi, samaki mkubwa wa bahari zenye baridi, na sprati, samaki mdogo wa jamii ya heringi. Kodi humla sprati. Lakini fungua tumbo la sprati wakati kodi wanataga, utakuta mayai ya kodi. Ukiwamaliza kodi, sprati huongezeka, na mayai machache yaliyobaki yana walaji wengi kuliko zamani. Kwenye mnyororo, mshale huo wa kurudi utauchora wapi? Halafu kodi mkubwa humla hata kodi mdogo.

Neno mnyororo si kosa kila mahali. Ukifuata njia moja, toka planktoni mpaka jodari, sema mnyororo na utakuwa sahihi. Ukizungumzia bahari nzima, au ukieleza kwa nini aina hii ivuliwe na ile iachwe, sema utando wa chakula. Na yule ndugu wa juzi, kabla hajawahesabu samaki wadogo watakaojaa, naomba aulize kwanza matumboni mwao mmekutwa nini.